Programu Ni Bure, Diski Si Bure: Hesabu ya Kuirejesha Kompyuta Unguja

Mwaka 1980 Unguja iliunganishwa na gridi ya Tanzania Bara kwa kebo ya chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, yenye uwezo wa megawati 45. Mei 2008 umeme ulikatika kisiwani kwa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hiyo haukurudi hadi Machi 2010. Kebo ya pili, ya megawati 100, ilizinduliwa Aprili 2013. Siku hizi tunachokijua zaidi ni mikatiko ya dakika na ya saa, na kwa kompyuta hiyo inatosha. Umeme ukizimika kwa sekunde moja wakati mfumo endeshi unajisasisha, mashine isiyo na UPS inaweza kukataa kuwaka kabisa.

Uchambuzi huu unauliza swali la fedha na saa. Ofisi ndogo ya Mji Mkongwe, nyumba ya wageni ya Shangani, studio ya muziki ya Ng'ambo au maabara ya kompyuta ya skuli inahitaji shilingi ngapi, GB ngapi na saa ngapi ili irudi kazini baada ya mashine kugoma? Programu huria za kazi hiyo zipo, ni imara, na leseni yake ni shilingi sifuri. Gharama iko kwingine: kwenye diski, kwenye bando, na kwenye saa za watu wanaokaa wakisubiri.

Ndiyo maana anayechagua programu kwa kutazama sura au umaarufu wake anaanzia mwisho. Mwanzo ni swali moja: unaweza kukaa saa ngapi bila mashine, na uko tayari kupoteza kazi ya siku ngapi? Ukishalijibu, programu hujichagua.

Ofisi ya mfano

Ili hesabu isielee hewani, tuweke ofisi ya mfano. Ina watu watano na kompyuta tano zinazofanana, zote zikitumia Linux. Mfumo endeshi na programu zake vinachukua GB 30 kwa kila mashine. Kazi yenyewe, yaani barua, hesabu, picha na orodha ya wageni, imewekwa kwenye mashine moja kuu na inafika GB 200. Kila siku ya kazi huongezeka GB 1, na mwezi una siku 25 za kazi. Mshahara wa kila mmoja tuukadirie shilingi 500,000, yaani 20,000 kwa siku. Siku moja ya ofisi nzima kukaa bure inagharimu shilingi 100,000, kabla hatujahesabu mgeni aliyekosa chumba wala mteja aliyekwenda kwa jirani.

Namba hizi ni za kukadiria. Msomaji aziondoe aweke zake. Njia ya hesabu haibadiliki.

Kabla ya kwenda mbele, tutenganishe vitu viwili ambavyo mafundi wengi huviita kwa jina moja. Picha ya mfumo ni hali ya kompyuta kama ilivyokuwa saa fulani, imehifadhiwa ili uweze kuirudia. Nakala rudufu ni kazi yako iliyowekwa mahali pengine, nje ya mashine. Picha ya mfumo hukuokoa na sasisho bovu au programu iliyovuruga mambo. Nakala rudufu hukuokoa na diski iliyokufa, mwizi, moto na nyumba iliyobomoka. Ofisi inayotegemea moja pekee imelipa nusu ya bima.

Timeshift: picha kumi kwa bei ya moja na nusu

Anayetumia Linux Mint ameshaikuta Timeshift ndani ya mfumo. Kwa mpangilio wake wa kawaida inafanya kazi kupitia rsync, programu iliyoandikwa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras na kutolewa mwaka 1996. Mtumiaji huchagua ratiba: kwa viwango vyake vya msingi, picha za kila siku hubaki 5, za kila wiki 3 na za kila mwezi 2. Jumla ni picha 10.

Kama kila picha ingekuwa nakala kamili, GB 30 mara 10 zingekula GB 300. Haiwi hivyo. Faili ambalo halikubadilika halinakiliwi tena. Picha mpya hulitaja lile lile lililokwisha kuhifadhiwa, na diski hulibeba mara moja tu. Tukikadiria kwamba kati ya picha moja na nyingine hubadilika GB 1.5, hesabu ni GB 30 za kwanza na GB 1.5 mara 9 za nyongeza: GB 43.5. Picha kumi kwa nafasi ya moja na nusu.

Lakini kuna mtego. Njia hii huhesabu faili zima zima. Faili likibadilika herufi moja, linanakiliwa lote upya. Kwa faili dogo la mipangilio hilo halina uzito. Kwa hifadhidata ya GB 20 inayoguswa kila siku, picha kumi ni GB 200.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Timeshift kwa kawaida haigusi folda za watumiaji, ili ukirudisha mfumo wa juzi barua ulizoandika jana zisipotee. Hilo ni jema. Ila hifadhidata nyingi, zikiwemo za programu za kupokea wageni, hukaa kwenye folda ya /var, ambayo Timeshift huihesabu kuwa sehemu ya mfumo. Mwenye nyumba ya wageni akirudisha picha ya Jumatatu siku ya Ijumaa, nafasi zote zilizowekwa Jumanne hadi Alhamisi zinafutika, na mashine haitamwambia lolote. Mwenye mfumo wa namna hiyo aiondoe folda ya hifadhidata kwenye orodha ya Timeshift, kisha aihifadhi kwa njia nyingine kila siku. Kazi hiyo haigharimu hata shilingi.

Snapper, Btrfs na ZFS: picha ya sekunde

Snapper ilitoka kwa watu wa openSUSE mwaka 2011, na inategemea zaidi Btrfs, mfumo wa kupanga data kwenye diski ulioanzishwa na Chris Mason akiwa Oracle mwaka 2007 na kuingizwa kwenye kiini cha Linux mwaka 2009. Hapa picha haichukuliwi kwa kunakili. Mfumo huweka alama tu kwamba vipande vya data vilivyopo sasa visiguswe, na mabadiliko yote mapya huandikwa pembeni. Picha inachukuliwa kwa sekunde, na wakati wa kuchukuliwa nafasi inayokula ni karibu na sifuri.

Uzuri wake unaonekana pale umeme unapokatika katikati ya sasisho. Kwenye openSUSE, Snapper huchukua picha moja kabla ya kusasisha na nyingine baada ya kusasisha. Mashine ikigoma, mtumiaji huchagua picha ya kabla kwenye orodha inayotokea wakati wa kuwaka, akahakikisha kila kitu kiko sawa, kisha akatoa amri moja ya kurudi nyuma. Hakuna kunakili GB 30. Kurudi kazini ni suala la dakika. Tena openSUSE kwa kawaida huiacha /var nje ya picha, kwa sababu ile ile ya hifadhidata tuliyoieleza.

Gharama yake huja polepole. Kipande cha zamani hakiwezi kufutwa maadamu kuna picha inayokishikilia. Mipaka ya msingi ya ratiba ya Snapper inaruhusu picha 10 za saa, 10 za siku, 10 za mwezi na 10 za mwaka: hadi 40. Kwenye diski ndogo, mtu anaweza kufuta GB 50 za video asione nafasi hata moja ikirudi, kwa kuwa picha za zamani bado zinazishika. Wenye diski ndogo wapunguze mipaka hiyo siku ya kwanza.

ZFS, iliyotoka Sun Microsystems mwaka 2005 na leo kuendelezwa kama OpenZFS, hufanya kazi kwa wazo hilo hilo, nayo hukagua kila kipande cha data kinaposomwa ili kugundua kilichoharibika. Ni chombo cha seva, kwa ofisi yenye fundi wa kudumu. Kwa kompyuta tano za mfano wetu, Btrfs inatosha.

Kikomo cha zote mbili, Timeshift na Snapper, ni kimoja: picha iliyo kwenye diski ile ile hufa na diski ile ile. Timeshift inaweza kuelekezwa kwenye diski ya pili. Snapper picha zake hukaa pale pale zilipochukuliwa.

Clonezilla: kwa maabara na kwa diski iliyokufa

Clonezilla hutengenezwa katika kituo cha taifa cha kompyuta zenye uwezo mkubwa cha Taiwan. Kazi yake ni kuchukua taswira ya diski nzima, kuanzia sehemu inayoiwasha mashine hadi faili la mwisho, ikisoma zaidi vipande vyenye data na kuviruka vitupu. Mashine huwashwa kwa flashi, kwa hiyo ofisi husimama wakati kazi inaendelea. Haijali kama ndani kuna Linux au Windows, na hilo ni jambo kubwa kwa ofisi yenye vyote viwili.

Kwa GB 30 za mfumo wetu, diski ya nje inayoandika MB 100 kwa sekunde humaliza kwa sekunde 300, dakika tano. Kwenye mlango wa zamani wa USB 2.0, unaotoa MB 30 hivi kwa sekunde, ni dakika 17. Kwa kuwa mashine zetu tano zinafanana, taswira moja inatosha zote. Sharti lake ni kwamba diski mpya iwe na ukubwa sawa na ya zamani au zaidi. Fundi akinunua diski ya GB 240 badala ya ya GB 256 iliyokufa, taswira ya kawaida itakataa kuingia.

Nguvu yake kubwa iko kwenye maabara. Watengenezaji wake wametoa mfano wao wenyewe: taswira ya GB 5.6 ilipelekwa kwenye kompyuta 41 kwa wakati mmoja kwa dakika 10 hivi. Tuifungue hesabu hiyo. GB 5.6 kwa sekunde 600 ni kama Mbps 75, kasi ambayo hata swichi ya kizamani ya Mbps 100 inaimudu. Siri ni kwamba data hutumwa mara moja na mashine zote huipokea kwa pamoja. Mwalimu anayezirejesha moja moja kwa dakika 10 kila moja angetumia dakika 410, karibu saa saba. Kwa taswira ya ukubwa huo, skuli yenye maabara ya kompyuta 40 inaweza kuirudisha nzima wakati wa mapumziko ya asubuhi.

Borg na Restic: kazi ya watu

Hizi mbili hazishughuliki na mfumo. Zinabeba kile ambacho hakinunuliki dukani: kazi yenyewe. Borg ilizaliwa mwaka 2015 kutoka kwenye programu ya awali iliyoitwa Attic. Restic ilianzishwa na Alexander Neumann katika miaka hiyo hiyo. Zote hukata mafaili katika vipande vidogo, na kipande kilichokwisha kuhifadhiwa hakihifadhiwi tena, hata kama kimo ndani ya faili jingine. Zote hufunga data kwa nywila kabla haijatoka kwenye mashine.

Tuseme ofisi inaweka nakala 7 za siku, 4 za wiki na 6 za mwezi: jumla 17. Kwa njia ya kunakili folda nzima kila mara, GB 200 mara 17 ni GB 3,400, zaidi ya diski tatu za TB 1. Kwa Borg au Restic, zinahifadhiwa GB 200 za kwanza na kinachoongezeka tu. Kwa GB 1 kwa siku ya kazi, miezi 24 huongeza GB 600. Jumla ni GB 800 hata kama hakuna kinachofutwa. Diski inayouzwa kwa jina la TB 1 huonyesha GB 931 ukiichomeka. Toa 800, toa 30 za taswira ya Clonezilla, bado GB 101. Diski moja inatosha miaka miwili.

Wenye studio wasitarajie muujiza. Rekodi ya sauti ya biti 24 kwa kilohezi 96 hula baiti 288,000 kwa sekunde kwa kila mkondo. Taarabu ya saa moja yenye mikondo 16, ya ala na waimbaji, ni GB 16.6. Kila rekodi ni mpya, haifanani na nyingine, kwa hiyo hakuna marudio ya kuondoa. Faida pekee ni kwamba iliyohifadhiwa jana haihifadhiwi tena leo. Katika kisiwa ambacho Nadi Ikhwan Safaa imekuwa ikipiga taarabu tangu 1905, rekodi hizo zinastahili diski yao.

Kati ya Borg na Restic uamuzi ni mwepesi. Borg ni ya Linux, na upande wa pili kwa kawaida inataka diski au seva inayofikiwa kwa SSH. Restic hufanya kazi hata kwenye Windows, na inajua kuzungumza moja kwa moja na hifadhi nyingi za mtandaoni. Kwa mwenye umeme wa kukatika, Borg ina tabia nzuri: kila baada ya dakika 30 huweka alama ya ilipofika, hivyo kazi ya usiku ikikatwa haianzi upya yote. Restic nayo ikirudiwa huviruka vipande vilivyokwisha kufika.

Bei ya kuvuka bahari

Hapa ndipo hesabu ya Unguja inapoachana na ile ya vitabu. Mashauri mengi yanasema peleka nakala moja kwenye hifadhi ya mtandaoni, ni rahisi. Na kweli hifadhi yenyewe ni rahisi. Oktoba 2023 kampuni ya Backblaze ilipandisha bei yake kutoka dola 5 hadi 6 kwa TB moja kwa mwezi. Kwa bei hiyo, GB 200 ni dola 1.20. Tukikadiria dola kwa shilingi 2,500, ni shilingi 3,000 kwa mwezi.

Njia ya kufika huko ndiyo ghali. Bei elekezi za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, za mwaka 2021 ziliweka bando kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB. Kupandisha GB 200 mara ya kwanza ni MB 200,000: shilingi 406,000 kwa bei ya chini kabisa, shilingi 1,870,000 kwa bei ya juu. Baada ya hapo GB 25 za kila mwezi ni shilingi 50,750 kwa bei ya chini. Ghala ni shilingi 3,000. Nauli ya kufika ghalani ni mara 17 zaidi kila mwezi. Kwa mwenye bando la simu, nakala ya mtandaoni ya kazi yote haifai. Achague GB 5 zisizo na mbadala, hati na hesabu, azipandishe hizo peke yake: shilingi 10,150, mara moja.

Mwenye huduma ya mwezi isiyo na kikomo cha GB ana hesabu nyingine, ya muda. Kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 10, GB 1 ya siku huchukua dakika 13 na sekunde 20. Hilo linavumilika. GB 200 za kwanza huchukua saa 44 na nusu mfululizo. TB 1 ni saa 222, zaidi ya siku tisa usiku na mchana.

Tuipime boti. Boti ya mwendo kasi kutoka Malindi hadi Dar es Salaam hutumia kama saa mbili. Ongeza saa moja ya kufika bandarini na saa moja ya kufika unakokwenda: saa nne. Diski ya TB 1 iliyo mkobani kwa saa nne imesafirisha data kwa kasi ya Mbps 555. GB 200 tu kwa safari hiyo hiyo ni Mbps 111. Ofisi yenye tawi, ndugu au mshirika Dar es Salaam, ambako watu huenda na kurudi kila wiki, tayari ina njia pana kuliko waya wake.

Tena waya una siku zake. Jumapili ya Mei 12, 2024, kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini kusini mwa bara la Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Aliyeweka nakala yake pekee ng'ambo hakuwa na namna ya kuifikia kwa kasi ya kawaida wakati huo. Nakala ya kwanza iwe ya mkononi. Ya mtandaoni, kama ipo, iwe ya pili.

Si lazima nakala ivuke bahari. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultan Barghash, iliporomoka na kuua watu wawili. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinashikana ukuta kwa ukuta, na nyingi ni kongwe. Diski mbili ndani ya nyumba moja zinabeba hatari moja. Diski ya pili ikilala Fumba, Mwanakwerekwe au Makunduchi imeshatoka kwenye hatari hiyo kwa nauli ya daladala.

Saa za kurudi kazini

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo, kwa misiba minne.

Sasisho limeharibu mfumo. Snapper: dakika chache. Timeshift: washa kwa flashi, rudisha hadi GB 30, kwa MB 50 kwa sekunde ni dakika 10, na maandalizi hufanya nusu saa. Bila picha yoyote: fundi afunge mfumo upya na programu zote, siku nzima au zaidi. Tofauti ni shilingi 20,000 kwa mashine moja, na 100,000 ikiwa ni ile kuu.

Mtu amefuta folda kwa bahati mbaya. Borg na Restic zote huruhusu kuifungua nakala ya jana kama folda ya kawaida, ukatoa faili moja bila kurudisha GB 200. Dakika tano.

Diski ya mashine kuu imekufa. Tuchukue kwamba diski mpya imeshapatikana Darajani. Clonezilla dakika 5 kwa mfumo. Borg, ikisoma na kufungua kwa MB 50 kwa sekunde, hurudisha GB 200 kwa dakika 67. Pamoja na kufungua mashine na kuchomeka, ni nusu siku. Kwa hifadhi ya mtandaoni peke yake, kwa Mbps 10 za kupakua, ni saa 44 na nusu. Ofisi inakaa siku mbili, shilingi 200,000 zimekwenda.

Mashine na diski ya ofisini vimeibwa au vimeungua. Anayeokoka ni yule mwenye diski ya pili nje ya nyumba. Ikiwa huibadilisha na ya ofisini kila Ijumaa, amepoteza kazi isiyozidi wiki moja.

Bure na huria si kitu kimoja

Wako wanaouliza kwa nini wasitumie programu ya kampuni iliyo bure. Macrium Reflect ilikuwa na toleo la bure la Windows lililopendwa dunia nzima. Mwaka 2023 kampuni ilitangaza kuliondoa, na Januari 1, 2024 masasisho yake ya usalama yakakoma. Linganisha na Timeshift: mwanzilishi wake, Tony George, alipoachana na kazi hiyo, mwaka 2022 watu wa Linux Mint waliichukua wakaiendeleza, na mtumiaji hakulazimika kuhama. Borg nayo ipo kwa sababu Attic ilikuwa huria, na waliotaka iende mbele waliweza kuichukua. Nakala ya leo utaitaka baada ya miaka kumi. Programu ya kuifungua lazima iwe bado inapatikana.

Windows yenyewe ina bei yake. Windows 10 ilimaliza muda wake Oktoba 14, 2025. Kwa ofisi, Microsoft imeweka bei ya nyongeza ya usalama kuwa dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, 122 wa pili na 244 wa tatu. Mashine tano kwa miaka mitatu ni dola 2,135. Kwa kompyuta nzima lakini kuukuu, kuhamia Linux ni uamuzi wa fedha, na anayehamia Linux Mint au openSUSE anapata Timeshift au Snapper ndani ya mfumo bila kutafuta.

Bili ya miaka miwili

Leseni: sifuri. Diski mbili za nje za TB 1, moja ofisini na nyingine nje ya nyumba, tuzikadirie shilingi 180,000 kila moja: 360,000. Siku moja ya mfanyakazi kuweka yote: 20,000. Saa moja ya zoezi la kurejesha nakala kila miezi mitatu, mara nane, kwa shilingi 2,500 kwa saa: 20,000. Jumla ni shilingi 400,000 kwa miezi 24, chini ya 17,000 kwa mwezi kwa ofisi nzima. Mwenye waya usio na kikomo akitaka nakala ya tatu mtandaoni, kwa wastani wa GB 500 kwa dola 3 kwa mwezi, aongeze shilingi 180,000 kwa miaka miwili.

Shilingi 400,000 ni siku nne za ofisi yetu kukaa bure. Mpango huu ukiokoa siku nne ndani ya miaka miwili, umejilipa. Kuokoa GB 200 za kazi ambayo haiwezi kuandikwa upya hatujakuhesabu.

Ni lile zoezi la saa moja ambalo watu hulikata kwanza. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya diski huoza: hewa ya chumvi hula viunganishi, nywila husahaulika, ratiba husimama bila kelele. Borg na Restic zina amri ya kukagua nakala, itumie. Kisha chukua folda moja, irudishe kwenye mashine nyingine, uifungue kwa macho yako. Nywila iandikwe kwenye karatasi na ifungiwe mbali na diski, kwa kuwa ikipotea hakuna fundi atakayeifungua data hiyo.

Hukumu yangu ni hii. Kwa kompyuta za Linux, Snapper kama mfumo wako unatumia Btrfs, Timeshift kama hautumii. Kwa kazi ya watu, Borg. Ukiwa na Windows ndani ya ofisi, Restic. Clonezilla kwa maabara na kwa taswira moja kila baada ya mabadiliko makubwa. Diski mbili, nyumba mbili, zoezi moja kila miezi mitatu. Anza na diski ya pili wiki hii, kabla ya kusoma makala nyingine yoyote ya kulinganisha programu.